Fahamu: Kwa nini pakiti ya huduma ya kwanza hupoa bila barafu?

Mchezaji akiteguka mguu, daktari wa timu huminya pakiti ya plastiki, nayo hupoa papo hapo. Ndani mna maji na chumvi, mara nyingi amonia nitreti, vilivyotenganishwa hadi pakiti iminywe.

Chumvi inapoyeyuka majini, kuzitenganisha ayoni zake (chembe zenye chaji) hutumia nishati. Molekuli za maji zinapozizingira, nishati hutolewa. Kwa amonia nitreti, inayotumika huzidi inayotolewa kwa takriban kilojuli 26 kwa moli, yaani gramu 80. Pengo hilo huzibwa na joto la maji, kisha la mguu.

Kalisi kloridi hufanya kinyume: hutoa kilojuli 81 hivi kwa moli, ikafaa pakiti za joto. Chumvi ya mezani hufyonza kilojuli 4 tu, ndiyo maana ukiikoroga huhisi ubaridi wowote.