"Refurbished" ndiyo nini? Mteja akikuuliza usijibu kama nilivyojibu mimi

Mwaka jana nilimuuzia mzee mmoja wa Kibirizi simu ya 180,000. Boksi limeandikwa "refurbished". Akaniuliza, "Mwanangu, hili neno maana yake nini?" Nikamjibu fasta, "Ni mpya hiyo mzee, toleo la nje." Ukweli nilikuwa sijui. Wiki mbili tu karudi, chaji haifiki hata adhuhuri. Hakugomba. Alisema tu, "Si uliniambia mpya?" Dukani kulikuwa na wateja wengine wanne, wote kimya. Nikarudisha hela.

Usiku nikaanza kulichimba hilo neno. Kumbe halihusiani na upya kabisa! "Re" ni tena. "Furbish" Waingereza walilichukua kwa Wafaransa zamani sana, na maana yake ilikuwa kusugua chuma mpaka king'ae: upanga, mavazi ya chuma ya vitani. Yaani kupiga msasa. Baadaye ndiyo likapanuka, likabeba nyumba, meli, mpaka simu.

Sisi wa Kigoma mfano tunao majini: MV Liemba. Wajerumani waliitengeneza kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaletwa Dar kwa meli na kuja huku kwa reli. Ikaungwa hapahapa Kigoma, ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 vita ikawazidi, wakaizamisha wenyewe adui asiipate. Ila injini walizipaka grisi nene kwanza (hao watu walijua watarudi, au walitamani). Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke, ikafungwa injini za dizeli. Bodi ni lile lile la Mjerumani.

Sasa mtu akikuuliza Liemba ni mpya, utasema nini? Utasema bodi la zamani, injini zilibadilishwa. Basi na mteja wa simu mjibu hivyohivyo. Neno lenyewe linaahidi kung'aa tu. Betri halijaitaja.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijatoa hela yangu kwa anayeniletea mzigo namuuliza: kilichobadilishwa ni nini? Betri? Kioo? Au mmefuta tu na kuweka boksi jipya? Akianza kuzunguka zunguka, naacha mzigo wake. Akinijibu, naandika kwenye risiti ya mteja: "imetumika, betri imebadilishwa, garantii siku 30." Bei naiweka chini ya mpya, juu ya yuzdi ya kawaida. Wapo wanaosoma risiti wakaondoka, siwezi kudanganya. Lakini tangu nianze hivi, sijarudisha hela tena mbele za watu.

Yule mzee alikuja tena mwezi wa nne, akachukua kitochi kipya. Boksi alilifungua mwenyewe.