Usafi wa Bukavu unaanzia mu jikoni



Mu fakilte tuliandika «maendeleo endelevu» karibu ku kila ukurasa wa memwari zetu: kutimiza mahitaji ya leo bila kunyima watoto wetu nafasi ya kutimiza ya kwao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka malengo 17 ya kufikia 2030. Lengo la 11 ni juu ya miji, na linataja hata takataka. Maneno ni mazuri. Lakini mimi niliyaelewa siku mkulima mmoja wa Kabare alipokataa mbolea yangu.

Nilikuwa nimemaliza lisansi ya agronomia, kazi hakuna. Kila siku naona marundo ya uchafu pembeni ya njia, nikasema: hizi ni franka zinalala chini. Mimi na vijana wawili tukakusanya uchafu wa parseli za kartie yetu, tukatengeneza komposti nyuma ya nyumba ya mama mkubwa wangu. Kiisha miezi mitatu ilikuwa nyeusi, bila harufu mbaya. Tukapeleka mifuko sita kwa mzee mmoja anayelima kabichi. Akatia mkono ndani, akautoa na kipande cha chupa. Kisha wembe. Kisha vipande vya sashe. Akaniambia: «Kijana wangu, watoto wangu wanalima bila viatu. Hii rudisha nayo.» Tukarudi nayo, na gari tukalipa mara mbili.

Nilifikiri kosa liko mu komposti. Hapana, kosa lilikuwa mu ndoo. Mu miji yetu zaidi ya nusu ya takataka za nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na mihogo, mabua ya lengalenga, masalio ya bugali. Ukiviweka peke yake, ni mali. Ukivichanganya na sashe na vipande vya chupa, kazi ya kuvitenganisha inapita bei ya mbolea yenyewe. Njo maana vinatupwa.

Na vinatupwa wapi? Bukavu ni mji wa milima. Vita na maisha magumu ya vijijini vimejaza watu, nyumba zimebanana ku miteremko, na mu avenyu nyingi gari la takataka haliwezi kuingia. Basi uchafu unaenda mu kanivo. Mvua ikinyesha, kanivo imeziba, maji yanatafuta njia yao, yanakula udongo chini ya nyumba za watu. Yanayobaki yanaingia mu mto Kawa, yanafika mu ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatokea hapa hapa Bukavu, mu mto Ruzizi, na ku mto huo kuna mtambo wa umeme wa Ruzizi I. Plastiki inaziba mahali maji yanapoingilia, mashine zinapunguza nguvu ao zinasimama, wafanyakazi wanaitoa kwa jasho. Yule anayelalamika giza usiku, pengine asubuhi alitupa sashe mu kanivo.

Sheria iko. Dekreti ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Lakini sashe bado tuko nazo mkononi. Kukataza peke yake hakutoshi. Lazima mtu aone faida ya kutenganisha.

Tulianza tena, na parseli kumi na mbili za avenyu moja tu. Kila nyumba ndoo mbili: moja ya vinavyooza, moja ya vingine. Mama mmoja akaniuliza: «Sasa miye nipoteze wakati ju ya uchafu, utanipa nini?» Franka sikuwa nazo. Nilimwahidi mfuko mmoja wa mbolea, apande lengalenga mu magunia ya zamani. Akakubali kwa shaka.

Kwa mwenye kutaka kujaribu, fanya hivi:

1. Panga tabaka: vitu vibichi, kisha vikavu kama majani makavu, maganda ya maharagi ao vumbi ya mbao ya seremala. Vijidudu vinavyoozesha vinataka kaboni mara 25 mpaka 30 kuliko azoti. Vibichi vikizidi, rundo linanuka. Vumbi ya mbao ikizidi, halipati moto.

2. Geuza kila wiki. Bila hewa rundo linatoa harufu na gesi ya metani. Likipata hewa, linapanda mpaka digrii 55 ao 65, na moto huo unaua vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu za magugu.

3. Kamata kidogo, kamua. Iwe kama nguo iliyokamuliwa: tone moja ao mawili, basi. Mvua yetu ni nyingi, funika na majani ya migomba.

4. Kiisha miezi kama mitatu, ikinuka kama udongo wa msituni, iko tayari.

Nisidanganye mtu: komposti haichukui kabisa nafasi ya NPK. Lakini inashika maji na kurudishia nguvu udongo wa milima yetu uliosombwa na mvua.

Nyumba tatu zilichoka, zikaacha. Yule mama, yeye leo njo wa kwanza kukemea wanaochanganya. Na mzee wa Kabare tulimrudilia. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akazungusha pole pole. Hakutusifu. Aliuliza tu: «Bei gani?»

Wenzangu, tusingoje mradi mkubwa wala kazi ya ofisi ili diplome zetu zisaidie mji. Kama parseli yenu iko na ndoo moja, ongeza ya pili. Kisha ongea na jirani.