Kichwa na Mkia wa Klipu

Anayeanza kuhariri video hutambulika kwa mkono wake: hauachi kipanya. Anashika ukingo wa klipu, anauvuta, anacheza, anakuta amekata neno katikati, anaurudisha kidogo, anacheza tena. Klipu moja inamla dakika nzima, na video ya harusi huwa na klipu chungu nzima.

Enzi za filamu, uangalifu huo ulikuwa na sababu. Mhariri alikata ukanda wenyewe, akaunganisha vipande kwa utepe au gundi, na mabaki akayatunza asije akayahitaji. Kompyuta ziliondoa hofu hiyo. Apple ilipotoa iMovie mwaka 1999, na Microsoft ikaweka Movie Maker ndani ya Windows Me mwaka uliofuata, watu wa kawaida walipata chombo cha kuhariri. Programu za leo hazigusi faili la asili. Zinakumbuka tu fremu ya kuanzia na fremu ya kuishia. Kilichokatwa kimefichwa, na ukingo ukivutwa nje kinarudi chote, mradi faili la asili halijafutwa.

Kwa hiyo kata bila woga, na kata kwa masikio.

Chukua hotuba ya mjomba wa bibi harusi. Mwanzoni anagonga maikrofoni, anauliza kama inasikika, anakohoa. Mhariri mzoefu anacheza klipu, anasimamisha pale mjomba anapotaka kusema "Ndugu zangu", kisha anabonyeza Q. Kila kilichokuwa kushoto mwa mstari wa kuchezea kinaondoka, na klipu inasogea kuziba pengo. Hotuba ikiisha, anabonyeza W na mkia unaondoka vilevile. Ndivyo vitufe hivyo vinavyofanya kazi katika Premiere Pro na katika CapCut ya kompyuta. Katika iMovie na DaVinci Resolve, vitufe vya J, K na L hurudisha nyuma, kusimamisha na kupeleka mbele. L ikibonyezwa tena, mwendo unaongezeka, na yale maneno marefu ya MC yanapita haraka.

Hatua ya mwisho ni ya fremu mojamoja, kwa vitufe vya mishale. Video ya fremu 25 kwa sekunde ina milisekunde 40 katika kila fremu. Panua taimulaini mpaka mawimbi ya sauti yaonekane vizuri, kisha acha fremu mbili tatu kabla wimbi halijapanda. Bila hizo, pumzi ya msemaji inakatwa na neno linasikika kama limerushwa.

Walter Murch, mmoja wa wahariri wa *Apocalypse Now*, hupima mahali pa kukata kwa kucheza picha na kusimamisha pale anapohisi imetosha, kisha anarudia. Akiangukia fremu ileile mara mbili, anaiamini.

Shida kubwa huja na lile pengo. iMovie huliziba yenyewe. Programu nyingine huliacha wazi mpaka uziamuru. Na pengo likizibwa, kila kilicho mbele yake kinasogea. Ukiwa umeshapanga muziki ili ngoma ilie bwana harusi anapoingia ukumbini, kupunguza sekunde tatu za hotuba iliyotangulia kunaweza kuitenganisha ngoma na mlango. Ukifunga safu ya muziki isisogee, picha zitasogea peke yake, na matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana wahariri hukata kwanza, muziki na maandishi wakaviweka baadaye.

Kuna kazi moja isiyohitaji taimulaini kabisa: kutoa dakika chache kutoka kwenye rekodi ya saa mbili. Programu ya bure ya LosslessCut hunakili sehemu hiyo bila kuibana upya, kwa hiyo humaliza haraka na ubora haupungui. Ila video za simu huhifadhi picha kamili mara mojamoja tu, na fremu za katikati hubeba mabadiliko peke yake. Mkato wa namna hii lazima uanzie kwenye picha kamili, ambayo inaweza kuwa nyuma kidogo ya pale ulipotaka. Kwa ibada au mkutano, hilo halisumbui. Kwa hotuba inayotakiwa kuanza na "Ndugu zangu" bila kikohozi, rudi kwenye Q.