Neno "Mtaa" na Akili Mnemba: Mfano wa Vingunguti

Katika kata ya Vingunguti, Dar es Salaam, neno "mtaa" lina maana mbili. Katika mazungumzo ni mahali wakaapo watu. Katika sheria ni daraja la chini kabisa la serikali ya mjini, lenye mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi. Katika ofisi ya mtaa ndiko mkazi hupata barua ya utambulisho, ambayo huitajiwa anapomdhamini ndugu yake polisi au anapofungua akaunti benki.

Nchini Kenya maana hiyo ya pili haipo: mtaa wa Kibera ni makazi tu, na kinachokaribiana na "kata" huitwa "wadi". Akili mnemba hujifunza Kiswahili kwa maandishi ya pande zote mbili yaliyochanganywa. Ikiwekwa kujibu maswali ya wakazi, yaweza kumwelekeza mtu kwenye ofisi isiyokuwapo, tena kwa lugha fasaha. Na ufasaha huo ndio hatari yake, kwani msikilizaji hudhani ni ujuzi.

Basi yapasa mambo matatu. Kwanza, chombo hicho kijaribiwe kwa maswali ya wakazi wenyewe, kwa maneno yao. Pili, habari zao zilindwe, kama iagizavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tatu, barua isitoke bila ya kusomwa na kutiwa sahihi na ofisa wa mtaa, ili mkazi aliyekosewa ajue wa kumwuliza.