Mtindi: Kutoka Duka la Dawa la Barcelona Hadi Kikombe cha Kalenga

Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo, umbali mfupi kutoka mji wa Iringa, hujulikana zaidi kwa makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wageni hufika, hulitazama fuvu, huondoka. Jambo jingine la kijiji hicho hawalioni kwa sababu hutendeka alfajiri. Maziwa yaliyokamuliwa gizani hutiwa katika madumu, hufungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, na huelekea mjini. Mengine huishia milangoni kwa wateja wa kila siku, mengine migahawani, na mengine kwa wakusanyaji wanaoyafikisha kiwandani.

Mjini Iringa kiwanda kinachojulikana zaidi ni cha ASAS, kampuni ya familia ya Asas, ambayo jina lake lilikwishazoeleka pia katika biashara ya usafirishaji. Maziwa freshi, mtindi na yogati ya kampuni hiyo huonekana katika majokofu ya maduka ya Iringa, Mbeya na hata Dar es Salaam. Kusini zaidi, Njombe, kipo kiwanda kingine chenye asili tofauti: kilianzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika lililozaliwa Bologna, Italia, mwaka 1972 miongoni mwa watu wa vyama vya ushirika, na ndiyo maana nyanda hizo za mahindi na viazi hutoa pia jibini za Kiitaliano. Kwa mhudumu wa afya, viwanda hivi viwili vina umuhimu mmoja usioandikwa kwenye pakiti: vimefanya kuwa jambo la kawaida kitu ambacho nyumba nyingi bado hazikifanyi, yaani kuyapasha maziwa moto kwanza na kuyagandisha baadaye.

Mpangilio huo una historia ya kitabibu. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, tabibu kijana wa Bulgaria aliyekuwa Geneva, alimtambua bakteria anayeyageuza maziwa ya kwao kuwa mtindi mzito. Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliipokea habari hiyo kwa shauku, akahubiri kwamba mtindi huyazuia matumbo yasioze na hivyo kurefusha maisha. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, lakini aliipata kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili. Mtindi haukuhusika, ingawa wauzaji wengi wameacha wateja wao waamini vinginevyo.

Aliyeigeuza hoja hiyo kuwa biashara ni Isaac Carasso, Myahudi mzaliwa wa Thessaloniki, mji ambao mtindi ulikuwa chakula cha kila siku. Alihamia Barcelona, Uhispania, akawakuta watoto wengi wakisumbuliwa na maradhi ya tumbo. Mwaka 1919 alianza kutengeneza mtindi kwa kutumia bakteria waliotoka Taasisi ya Pasteur, akauuza katika maduka ya dawa. Jina la bidhaa, Danone, lilitokana na jina la utani la mwanawe, Daniel. Kijana huyo alisomea biashara, akajifunza pia elimu ya bakteria, akafungua tawi la Paris mwaka 1929. Vita vilipomkimbiza hadi Marekani, yeye na wenzake walianza upya New York mwaka 1942. Wamarekani hawakuupenda ule uchachu. Mwaka 1947 kampuni ikaweka jamu ya matunda chini ya kikombe, na mauzo yakapanda.

Katika jamu hiyo mtindi uliacha kuwa dawa ya dukani ukawa kitindamlo. Mabadiliko hayo yamefika hadi kwenye majokofu ya Iringa, ambako mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa kunywa mtindi anaweza kununua yogati ya vanila au stroberi akiamini ametii. Mtindi usioongezwa kitu una takriban gramu 5 za sukari ya asili ya maziwa katika kila gramu 100. Yogati yenye ladha inaweza kuwa na mara mbili au zaidi, na ziada yote ni sukari ya kumwagwa. Maneno ya kutazamwa kwenye pakiti ni orodha ya viambato; picha ya tunda haisemi lolote.

Madai ya tiba nayo yanahitaji kupimwa. Mwaka 2010 tawi la Danone nchini Marekani lilikubali kuacha baadhi ya madai kuhusu bidhaa zake mbili za mtindi na kuyalipa majimbo 39 dola milioni 21. Kilichothibitika vizuri ni kidogo zaidi ya matangazo, lakini si haba. Bakteria hai wa mtindi husaidia kuivunja laktosi, sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi Afrika hawaimeng'enyi vyema. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba baadhi ya jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya zilipata uwezo huo kupitia mabadiliko ya vinasaba yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Wasio na urithi huo hujaa gesi na kuharisha wanywapo maziwa freshi, wakaamini kwamba maziwa yamewakataa moja kwa moja. Wengi wao huuvumilia mtindi bila taabu. Kwa mtoto anayeharisha, hata hivyo, mtindi ni chakula tu. Tiba yake ni maji ya chumvichumvi yenye sukari na vidonge vya zinki.

Hapo ndipo suala la moto linapoingia. Imani iliyoenea ni kwamba uchachu wa mtindi huua kila kijidudu. Huua baadhi na kuwadhoofisha wengine. Bakteria wa brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, na wale wa kifua kikuu cha ng'ombe wanaweza kuishi kwa siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda. Si tishio la vitabuni. Watafiti wa Tanzania walichapisha mwaka 1998 matokeo yaliyoonesha kuwapo kwa bakteria wa jamii ya kifua kikuu katika maziwa mabichi ya ng'ombe wa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini zenyewe.

Mgonjwa wa brusela hafiki zahanati na jina la ugonjwa. Hufika na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na nyonga, uchovu usioelezeka. Iringa na Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, lakini bado homa hiyo hupewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya malaria tena. Swali linaloweza kuufupisha mzunguko huo halihitaji maabara: maziwa yanayonywewa nyumbani huchemshwa? La pili ni kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba, na nani alimsaidia kuzaa. Akithibitika kuwa na brusela, mtu mzima hutibiwa kwa doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6. Doksisaiklini haifai kumezwa pamoja na maziwa, kwa kuwa madini ya kalisi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Ni bora kupisha saa mbili. Dawa kwa mjamzito na mtoto mdogo huchaguliwa kwa namna nyingine.

Kwa nini basi watu wanaojua hatari hiyo huendelea kugandisha maziwa mabichi? Jibu la akina mama wa vijijini ni la kweli: maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri, huoza. Moto umewaua bakteria wote, wabaya pamoja na wale wanaochachusha, na yakiachwa wazi hushikwa na wowote watakaotua humo. Kiwanda hulitatua tatizo hilo kwa hatua moja: baada ya kuyapasha maziwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au kwa joto kubwa na muda mrefu zaidi yanapotengwa kwa mtindi, na kuyapoza, huyatia kimea, yaani bakteria waliochaguliwa. Nyumbani hatua hiyo inawezekana. Maziwa huchemshwa hadi yafure na kupanda, hufunikwa yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha kila lita hutiwa vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, wa pakiti au wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Sufuria hufunikwa hadi asubuhi. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Iringa inapouma, huvikwa blanketi. Kinachobadilika ni utaratibu tu. Ladha hubaki ileile.

Kiwanda kina mlinzi mwingine ambaye mnunuzi hamwoni. Kimea hufa katika maziwa yenye mabaki ya antibayotiki, kwa hiyo dumu moja la ng'ombe aliyechomwa sindano ya kiwele jana linaweza kuharibu pipa zima la mtindi. Kwa sababu hiyo wasindikaji hupima, na mfugaji hujifunza kuzihesabu siku za kusubiri. Mchuuzi wa baiskeli hana kipimo hicho. Mteja wake hunywa na mabaki.

Lakini maziwa yaliyo salama na yaliyouzwa yote hayamjengi mtoto wa mfugaji. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: takriban asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka 5, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 30. Njombe ilikuwa na takriban asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha mingine. Wala tatizo halikugunduliwa jana; kati ya mwaka 1983 na 1988 mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, uliogharamiwa na Italia, ulifanya kazi katika vijiji 168 vya Iringa, ukiwafundisha wanakijiji kuwapima watoto wenyewe na kuyajadili matokeo. Udumavu una sababu nyingi, uchafu wa maji na uchovu wa mama shambani zikiwemo, na maziwa hayatazimaliza. Hata hivyo, uji wa mahindi matupu mara tatu kwa siku ni mojawapo, na chakula kinachoweza kuurekebisha kwa urahisi ndicho hicho kinachoondoka alfajiri nyuma ya baiskeli.

Fedha ya maziwa hulipa ada na dawa, na hakuna mhudumu mwenye busara atakayemwambia mama asiuze. Hesabu inayoweza kufanyika kliniki siku ya kupima uzito ni ndogo zaidi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maziwa ya ng'ombe. La kwake ni ziwa la mama. Baada ya hapo mtindi wa maziwa yaliyochemshwa unaweza kukorogewa katika uji wake, huku akiendelea kunyonya. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupata kikombe kimoja cha mililita 200 kwa siku, si zaidi ya viwili, kwa kuwa maziwa yana upungufu wa madini ya chuma na yakizidi humfukuza kwenye vyakula vingine. Ng'ombe anayetoa lita 6 kwa siku akiwalisha watoto wawili kikombe kimoja kimoja, zaidi ya lita 5 na nusu bado zitapanda baiskeli kwenda Iringa.