Kodi Iliyomo Ndani ya Bei: Mlaji wa Hapa na wa Nchi Nyingine Hulipa Nini?

Mtu akiulizwa kama analipa kodi, mara nyingi hufikiria makato ya mshahara au leseni ya biashara. Mkulima asiye na mshahara, mwanafunzi na mama wa nyumbani huweza kujibu kwamba wao hawalipi. Jibu hilo si sahihi. Kila anayenunua sabuni, anayetia salio katika simu au anayenunua umeme wa LUKU ni mlipakodi, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya mapato. Kodi yake huchukuliwa kidogo kidogo, ikiwa imechanganywa na bei. Kwa kuwa haionekani waziwazi, ni rahisi kwa mfanyabiashara asiye mwaminifu kumtoza mlaji kodi isiyostahili, au kuipokea inayostahili na kuitia mfukoni.

Makala haya yanaeleza kodi ambazo mlaji hukutana nazo kila siku, yanalinganisha viwango vyake katika nchi ambazo Watanzania wengi huzitembelea au wana jamaa huko, na yanaonyesha namna ya kujilinda mbele ya kaunta ya duka.

Mzigo huishia kwa mlaji

Kodi kubwa iliyomo katika bei ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT. Ilianzia Ufaransa mwaka 1954, na baadaye ikaenea duniani. Kenya iliianzisha mwaka 1990, Uganda mwaka 1996, Tanzania Bara mwaka 1998, Rwanda mwaka 2001, Burundi mwaka 2009 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2012.

Utaratibu wake ni huu. Tuseme mwenye kiwanda anauza katoni ya sabuni kwa shilingi 10,000 na kuongeza asilimia 18, yaani shilingi 1,800, ambazo anazipeleka serikalini. Muuzaji wa jumla anaiuza katoni hiyo kwa shilingi 12,000 na kodi ya 2,160. Kwa kuwa alikwisha kulipa 1,800 aliponunua, yeye hupeleka tofauti tu, shilingi 360. Mwenye duka la rejareja anaiuza kwa shilingi 15,000 na kodi ya 2,700, naye hupeleka tofauti ya shilingi 540. Ukijumlisha 1,800, 360 na 540 unapata 2,700. Hizo zote zimetoka kwa mnunuzi wa mwisho, aliyelipa shilingi 17,700. Wafanyabiashara watatu walikuwa wakusanyaji tu. Kila mmoja alirudishiwa alichotanguliza. Mlaji hana wa kumrudishia, kwa sababu yeye ndiye mwisho wa mnyororo.

Viwango katika nchi mbalimbali

Viwango vya kawaida vya kodi hii ni kama ifuatavyo:

Tanzania Bara: asilimia 18
Zanzibar: asilimia 15
Uganda, Rwanda na Burundi: asilimia 18
Kenya: asilimia 16
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: asilimia 16
Oman na Falme za Kiarabu: asilimia 5
Bahrain: asilimia 10
Saudi Arabia: asilimia 15
Ujerumani: asilimia 19
Uingereza na Ufaransa: asilimia 20
Denmark: asilimia 25
Hungary: asilimia 27

Viwango hivi hubadilika. Saudi Arabia ilianza na asilimia 5 mwaka 2018, ikapanda hadi 15 mwezi Julai 2020. Kenya ilishusha kiwango chake hadi asilimia 14 mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kisha ikakirudisha 16 mwezi Januari 2021. Oman haikuwa na kodi hii kabisa hadi Aprili 2021.

Ukubwa wa kiwango peke yake hautoshi kumweleza mlaji hali yake. Swali la pili ni hili: kiwango hicho hutozwa juu ya vitu gani? Uingereza ina asilimia 20, lakini vyakula vingi vya nyumbani na nguo za watoto hutozwa asilimia sifuri. Denmark hutoza asilimia 25 hata juu ya chakula. Kwa hiyo familia inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula huiona tofauti ya nchi hizo mbili mezani kila siku, kuliko inavyoonekana katika orodha iliyo hapo juu. Hapa kwetu, mazao ya chakula yasiyosindikwa yamesamehewa kodi hii. Nchini Kenya, unga wa mahindi na mkate wa kawaida hutozwa sifuri. Pendekezo la mwaka 2024 la kuutoza mkate asilimia 16 lilipingwa vikali na wananchi, na mwishowe likaondolewa.

Mipaka ya misamaha huleta mabishano. Nchini Uingereza keki hutozwa sifuri, lakini biskuti iliyopakwa chokoleti hutozwa kiwango kamili. Mwaka 1991 baraza la rufaa za kodi lililazimika kuamua kama kitafunwa kiitwacho Jaffa Cakes ni keki au ni biskuti. Liliamua kuwa ni keki. Jambo hilo linaweza kuchekesha, lakini katika bei ya kila pakiti lilikuwa na maana ya fedha halisi.

Bei ya rafuni na bei ya kaunta

Katika Afrika Mashariki na Ulaya, mnunuzi wa rejareja huzoea kwamba bei iliyoandikwa rafuni imekwisha jumuisha kodi. Anachokisoma ndicho atakacholipa. Marekani haina VAT. Majimbo na miji hutoza kodi ya mauzo, na kwa kawaida kodi hiyo huongezwa mnunuzi anapofika kulipa. Mgeni aliyehesabu fedha zake kwa bei ya rafuni hujikuta amepungukiwa. Jimbo la California hutoza kuanzia asilimia 7.25, na maeneo mengi huongeza juu yake. Majimbo matano, yaani Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima.

Mazoea hayo yasihamishiwe hapa. Muuzaji wa rejareja akikutajia bei, mkapatana, kisha wakati wa kulipa akasema, "Hiyo ilikuwa bila VAT," una haki ya kukataa na kudai bei mliyopatana. Ili kuepuka ubishi, uliza mapema: "Bei hii ni pamoja na kodi?"

Simu, miamala na umeme

Kodi nyingine za kila siku hufuata mahali ambapo watu wengi hupita, na siku hizi watu wengi hupita katika simu. Nchi jirani zimejaribu njia tofauti. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 ya fedha zinazowekwa, kutumwa, kupokelewa au kutolewa kwa simu. Miezi michache baadaye ikapunguza hadi asilimia 0.5, juu ya fedha zinazotolewa tu. Mwaka huohuo ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Tanzania ilianzisha tozo ya miamala mwezi Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa. Baada ya malalamiko ya wananchi ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, na ikapunguzwa tena baadaye. Kenya hutoza ushuru wa asilimia 15 tangu mwaka 2023, lakini juu ya ada ya kutuma na si juu ya fedha zenyewe.

Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa. Tuseme unatuma shilingi 100,000 na ada ya kampuni ni shilingi 1,000. Kodi ya asilimia 15 juu ya ada ni shilingi 150. Kodi ya asilimia 1 juu ya fedha yenyewe ni shilingi 1,000. Asilimia inayoonekana ndogo imekuwa mzigo mkubwa. Kila unaposikia asilimia ikitajwa, uliza kwanza: asilimia ya nini?

Katika umeme, mteja wa LUKU wa Tanzania Bara hukatwa pia kodi ya majengo. Utaratibu huu ulianza mwezi Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja. Mwaka 2023 kiasi hicho kilipanda hadi 1,500. Mteja asiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni hujikusanya na kukatwa anaponunua tena. Mpangaji azingatie kwamba kodi hii ni wajibu wa mwenye nyumba, hata kama anayenunua umeme ni mpangaji. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Inafaa jambo hili liandikwe katika mkataba wa pango, ili kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya nyumba. Anayehamia nyumba iliyokaa wazi na aulize kwanza kama mita ina deni.

Namna ya kukokotoa kodi iliyomo katika bei

Wengi hukosea hapa. Ukinunua kitu kwa shilingi 118,000 pamoja na kodi, ukichukua asilimia 18 ya kiasi hicho utapata 21,240, na hesabu hiyo si sahihi. Kodi ilihesabiwa juu ya bei ya awali, yaani 100,000, kwa hiyo kodi iliyomo ni 18,000. Kanuni ni kugawanya bei kwa 118, kisha kuzidisha kwa 18. Kwa Zanzibar gawanya kwa 115 na kuzidisha kwa 15. Kwa Kenya, gawanya kwa 116 na kuzidisha kwa 16. Kwa Uingereza, chukua moja ya sita ya bei.

"Unataka na risiti au bila risiti?"

Swali hili husikika katika maduka mengi, nalo lina gharama iliyofichwa. Chukua mfano wa jokofu la shilingi 590,000. Kodi iliyomo ni shilingi 90,000. Muuzaji anakuambia, "Bila risiti nitakufanyia 540,000." Unajiona umeokoa 50,000. Lakini kodi iliyopaswa kuonekana katika hesabu zake ni 90,000. Zile 40,000 zilizobaki zimekuwa zake. Jokofu likiharibika baada ya wiki tatu, huna ushahidi kwamba ulilinunua kwake, wala lini, wala kwa bei gani. Dhamana imepotea pamoja na risiti. Umeuza haki ya mali ya shilingi 590,000 kwa shilingi 50,000.

Hila ya pili ni ya muuzaji anayeongeza VAT ilhali hakusajiliwa kuitoza. Si kila mfanyabiashara anaruhusiwa. Kwa Tanzania Bara, tangu Julai 2023 usajili ni wa lazima kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 au zaidi kwa mwaka. Nchini Kenya kiwango ni shilingi milioni 5 za Kenya. Wapo wanaotoa risiti ya mashine bila kusajiliwa kwa VAT, kwa hiyo risiti peke yake si uthibitisho wa kodi hiyo. Tazama kama ina TIN, yaani namba ya mlipakodi, na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, na kama kiasi cha kodi kimeonyeshwa. Hakikisha pia kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Risiti halali ina alama ya mraba inayoweza kusomwa kwa simu ili kuihakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato.

Nchi nyingine zimeamua kumlipa mnunuzi anayedai risiti. Rwanda ilianza mwaka 2024 kumrudishia mlaji wa mwisho asilimia 10 ya VAT iliyoonyeshwa katika risiti yake ya kielektroniki. Kwetu wito umekuwa: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Kwa anayesafiri

Mgeni anayenunua bidhaa Dubai au Abu Dhabi kwa dirhamu 250 au zaidi, katika duka lililomo katika mpango wa marejesho, huweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi anapoondoka. Sharti ni kuonyesha pasi ya kusafiria wakati wa kununua, kutunza risiti na kuhakikiwa kabla ya kukabidhi mizigo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu unaofanana na huo kwa wageni. Nchini Uingereza, kwa maduka ya England, Scotland na Wales, utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Januari 2021. Kumbuka kwamba kurudishiwa kodi ya huko hakukuondolei kodi na ushuru wa forodha unapoingiza bidhaa nyumbani. Anayepiga hesabu ya faida ya kununua ng'ambo na ajumlishe nauli, ushuru na kodi ya hapa, kisha aangalie kama dhamana ya kifaa hicho inatambuliwa nchini.

Mambo ya kukumbuka

1. Uliza kama bei ni pamoja na kodi kabla ya kupatana.
2. Asilimia ikitajwa, uliza ni asilimia ya nini.
3. Dai risiti papo hapo, isome, na uihakiki kwa simu. Karatasi ya mashine hufifia upesi, hivyo ipige picha.
4. Usikubali kuongezewa VAT na muuzaji asiye na VRN.
5. Mpangaji na mwenye nyumba waandike katika mkataba nani anabeba kodi ya majengo.
6. Viwango hubadilika, mara nyingi mwezi Julai mwaka mpya wa fedha unapoanza. Thibitisha kiwango kabla ya ununuzi mkubwa.

Mlaji hawezi kukwepa kodi iliyomo katika bei, wala si shabaha ya makala haya kumfundisha kuikwepa. Shabaha ni kwamba alipe ile anayodaiwa kisheria, isiyopungua wala kuzidi, na abaki na ushahidi mkononi kwamba ameilipa.