Kitunguu thomu na sumu ya risasi

Fundi wa betri za gari, awe Ipogolo mjini Iringa au hapa Unguja, hushika risasi, madini yanayodhuru damu, figo na ubongo wa mtoto. Je, thomu inasaidia? Mwaka 2012 watafiti wa Mashhad, Iran, walichapisha jaribio kwa wafanyakazi wa betri: vidonge vya thomu kwa wiki 4 vilipunguza risasi katika damu, kama ilivyofanya dawa ya penisilamini. Lakini sumu yao haikuwa kali. Mwenye dalili nzito apelekwe hospitali, maana Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. (Aliyekula thomu mbichi asiukaribie msikiti mpaka harufu iishe.) Na fundi aoge, abadili nguo, ndipo ambebe mwanawe.